Kupima Valvu ya Aota Iliyobana kwa Wazee kwa Ultrasaundi: Mwongozo Kamili

Mzee akisema "siku hizi nachoka tu", jibu analopewa mara nyingi ni kwamba umri umeenda. Pengine ni kweli. Lakini kati ya watu waliovuka miaka 75, takriban mmoja katika kila wanane ana valvu ya aota (mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini) iliyoanza kubana, na takriban watatu katika kila mia wamebanwa vibaya. Hao waliobanwa vibaya, wakishaanza kuishiwa pumzi, kubanwa kifua au kuzirai, wengi wao hufariki ndani ya miaka michache wasipowekewa valvu mpya. Hakuna kidonge kinachofungua valvu iliyojaa chokaa. Tangu mwaka 2002, daktari wa moyo Alain Cribier alipoweka valvu ya kwanza ya aota kupitia mshipa wa mguu mjini Rouen, Ufaransa, hata mzee asiyeweza kustahimili kupasuliwa kifua ana njia ya kutibiwa. Kwa hiyo inauma sana anapokosa tiba kwa sababu tu hakupimwa, au alipimwa kwa haraka.

Mwongozo huu nimeuandika kwa wanaoshika probu, kifaa cha ultrasaundi kinachowekwa kifuani: wapimaji wa ultrasaundi, matabibu, na madaktari wanaojifunza kupima moyo. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kipimo cha mwendokasi wa damu karibu siku zote kikikosea hukosea kwa kupunguza. Probu ikielekezwa vibaya, valvu iliyobana sana itasomeka kama imebana kiasi tu, na mgonjwa ataambiwa arudi baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kabla ya kupaka jeli

Muulize mgonjwa alikuwa anafanya nini mwaka jana ambacho leo hakifanyi. Usiishie kwenye "unaishiwa pumzi?", kwa sababu wazee wengi watajibu hapana. Hawaishiwi pumzi kwa kuwa wameacha kupanda ngazi, wameacha kubeba ndoo, wameacha kutembea mwendo mrefu. Mwulize na anayeishi naye, maana huyo huwa ameyaona mabadiliko mapema zaidi. Uliza kuhusu kuzirai au kizunguzungu wakati wa kujitahidi. Uliza pia kuhusu upungufu wa damu na choo cheusi: valvu iliyobana sana huharibu protini moja ya kugandisha damu, na baadhi ya wazee huvuja damu tumboni kwa sababu hiyo.

Pima presha na uiandike. Hili hupuuzwa mno. Presha ikiwa juu sana wakati wa kipimo, mtiririko wa damu unaweza kupungua na tofauti ya shinikizo kwenye valvu ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Pima urefu na uzito pia, kwa kuwa utahitaji eneo la uso wa mwili (kwa kifupi, eneo la mwili) baadaye.

Tumia stetoskopu. Mvumo mkali unaosikika upande wa kulia wa juu wa kifua na kupanda hadi shingoni ni dalili nzuri, ila kwa wazee mvumo huo unaweza kusikika zaidi kwenye ncha ya moyo na kukudanganya kuwa ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, inayovuja. Moyo ukiwa umechoka, mvumo unaweza kuwa mdogo sana. Ukimya wa stetoskopu usikufanye uahirishe ultrasaundi.

Hatua ya 1: Mlaze vizuri

Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa ili mbavu zifunguke. Mzee mwenye mgongo uliopinda au nyonga inayouma hatakaa hivyo muda mrefu, kwa hiyo weka mto nyuma ya mgongo wake na umwambie mapema kwamba utamgeuza. Bandika nyaya tatu za kurekodi umeme wa moyo. Bila mchoro huo huwezi kujua kwa uhakika ni wakati gani moyo unasukuma na ni wakati gani unajaa.

Hatua ya 2: Itazame valvu kabla ya kuipima

Anzia kando ya mfupa wa kidari, upande wa kushoto, nafasi ya tatu au ya nne kati ya mbavu, upate picha ya moyo kwa urefu wake. Valvu ya aota ina vipande vitatu vyembamba. Kwa mtu mwenye afya hufunguka hadi kukaribia kuta za aota na kupotea machoni kwa nukta moja. Kwa mzee mwenye chokaa utaviona vinang'aa, ni vinene, na vinatikisika tu bila kufunguka. Sasa zungusha probu nyuzi 90 uone valvu kwa upana. Hesabu vipande: ni vitatu au viwili? Mtu aliyezaliwa na viwili valvu yake hubana mapema zaidi. Kitazame kila kipande peke yake, kinasogea, kinasogea kidogo, au kimekwama.

Ikiwa una mashine ndogo ya mkononi isiyo na Dopla endelevu (kipimo cha kasi ya damu kinachosoma bila kukatika), kazi yako inaishia hapa, na ni kazi kubwa. Vipande vikifunguka vizuri, si rahisi valvu hiyo kuwa imebana sana. Vikiwa na chokaa na havifunguki, mpeleke mgonjwa kwenye kipimo kamili. Usijaribu kukisia kiwango kwa macho.

Hatua ya 3: Kipenyo cha njia ya kutokea damu

Hii ni njia iliyo chini kidogo ya valvu, ambamo damu hupita ikitoka ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini. Ukiwa bado kwenye picha ya urefu, kuza picha, simamisha katikati ya msukumo valvu ikiwa imefunguka, kisha pima kutoka ukingo wa ndani wa ukuta mmoja hadi ukingo wa ndani wa ukuta wa pili, pale pale vipande vinapoanzia au milimita chache chini yake. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 1.8 na 2.2. Pima mara tatu. Ukipata sm 1.6 kwa mwanamume mrefu, rudia: huenda picha yako imekata njia hiyo pembeni badala ya katikati.

Kipimo hiki ndicho dhaifu kuliko vyote, kwa sababu kipenyo huzidishwa chenyewe kwa chenyewe na kosa lake hukua. Tutaliona hilo kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Dopla ya mapigo chini ya valvu

Hamia kwenye ncha ya moyo, pata picha ya vyumba vinne, kisha inua probu kidogo hadi aota ijitokeze. Weka kisanduku cha kupimia, yaani mahali pamoja ambapo Dopla hii husoma kasi, kama milimita 5 chini ya valvu. Kama mchoro una ukungu mpana na kilele kimetawanyika, umeingia kwenye eneo ambalo damu imeshaanza kuongeza kasi, kwa hiyo rudi nyuma kidogo kidogo hadi upate mstari mwembamba ulio safi. Chora ukingo wa umbo hilo. Mashine itakupa umbali ambao damu husafiri kwa pigo moja, ambao kwenye skrini nyingi huandikwa VTI. Kwa mtu ambaye moyo wake unasukuma vizuri, mara nyingi ni kama sentimita 18 hadi 22.

Hatua ya 5: Dopla endelevu, na kuwinda mkondo

Hapa ndipo kipimo kinapofaulu au kufeli. Maji ya mto yakifika penye mlango mwembamba wa miamba huenda kasi, na damu ni vivyo hivyo. Kadiri tundu linavyobana ndivyo mkondo unavyokimbia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari wa moyo Liv Hatle na wenzake wa Trondheim, Norway, walionyesha kwamba mwendokasi huo ukipimwa kwa Dopla unatosha kukadiria tofauti ya shinikizo bila kuingiza mrija ndani ya moyo. Kanuni ni fupi: zidisha mwendokasi kwa mwendokasi, kisha zidisha kwa 4. Damu ikienda mita 4 kwa sekunde, tofauti ya shinikizo ya juu kabisa ni milimita 64 za zebaki.

Lakini Dopla husoma kasi kamili pale tu mwali wa probu unapolala sambamba na mkondo. Chukua valvu ambayo damu inaipita kwa mita 4.4 kwa sekunde. Ukiwa umepinda nyuzi 30, mashine itaonyesha 3.8. Kwa kanuni ile ile, milimita 77 za zebaki zimekuwa 58. Mgonjwa ametoka kundi la waliobanwa vibaya na kuingia kundi la kati, na hakuna kitu chochote kwenye skrini kitakachokuonya. Usitumie kitufe cha kurekebisha pembe kujiokoa. Mkondo wa valvu iliyoharibika huelekea popote unapotaka, na macho hayawezi kuujua mwelekeo wake.

Dawa yake ni kuhama dirisha, yaani mahali unapoweka probu. Anza kwenye ncha ya moyo, rekodi mwendokasi. Kisha mgeuze mgonjwa alale ubavu wa kulia, uweke probu upande wa kulia wa mfupa wa kidari, nafasi ya pili au ya tatu kati ya mbavu. Kwa wazee dirisha hili hutoa namba ya juu mara nyingi kiasi kwamba, kwa maoni yangu, kipimo kisicholijaribu hakijakamilika. Aota ya mzee hurefuka na kupinda, na mkondo huelekea mbele na kulia. Halafu jaribu kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari, chini ya koo, probu ikielekea chini, na mwisho chini ya mbavu. Kama una probu ndogo yenye umbo la kalamu isiyotoa picha, hapa ndipo mahali pake. Huingia kwenye nafasi nyembamba ambamo probu kubwa haikai, na mchoro wake huwa safi zaidi.

Unaongozwa na sikio na jicho pamoja. Sauti ikiwa nyembamba na kali, na umbo likiwa limejaa na ukingo wake wazi, uko karibu. Sogeza probu kwa milimita, ipindue taratibu, ngoja. Pima ukingo mzito wa mchoro, wala usifuate manyoya hafifu yanayotoka kwenye kilele. Kama mapigo ni ya kawaida, chukua wastani wa matatu. Kama moyo unapiga ovyo ovyo, chukua angalau matano yanayofuatana. Pigo linalokuja baada ya pigo la ziada liache, maana huwa kubwa kupita kiasi.

Umbo lenyewe lina habari. Kilele kinachokuja mapema, umbo la pembetatu, huashiria valvu iliyobana kidogo. Umbo la mviringo lenye kilele katikati ya msukumo huashiria iliyobana sana. Umbo la jambia, linalopanda taratibu na kuchongoka mwishoni, linasema kwamba kizuizi kiko chini ya valvu, pengine kwenye ukuta mnene wa katikati ambao wazee wengi huwa nao. Hapo rudi na Dopla ya mapigo utafute kasi inapoanzia.

Na kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Damu inayovuja kwenye valvu ya mitrali hutoa mchoro unaoelekea upande ule ule, wenye kasi kubwa zaidi, mara nyingi mita 5 au 6. Tofauti iko kwenye muda. Uvujaji wa mitrali huanza mapema kabla ya aota kufunguka, na huendelea hata baada ya aota kufungwa. Linganisha na mchoro wa umeme wa moyo kabla hujafurahia namba kubwa.

Hatua ya 6: Hesabu

Damu inayopita chini ya valvu ndiyo hiyo hiyo inayopita kwenye valvu. Kwa hiyo eneo la tundu hupatikana hivi: zidisha kipenyo kwa kipenyo kwa 0.785, zidisha na umbali uliopimwa chini ya valvu, kisha gawanya kwa umbali uliopimwa kwenye mkondo wa valvu.

Chukua mwanamke mwembamba mwenye eneo la mwili la mita mraba 1.5. Kipenyo ni sm 2.0, umbali chini ya valvu ni sm 22, na kwenye mkondo ni sm 75. Eneo la njia ni sm² 3.14. Likizidishwa na 22 tunapata mililita 69 za damu kwa kila pigo. Gawanya kwa 75: tundu ni sm² 0.92. Mwendokasi wake wa juu ni mita 3.5 kwa sekunde, na wastani wa tofauti ya shinikizo ni milimita 30 za zebaki.

Je, amebanwa vibaya? Vigezo vinavyotumika kwa ubanaji mkubwa ni mwendokasi wa mita 4.0 na kuendelea, wastani wa tofauti ya shinikizo wa milimita 40 na kuendelea, na tundu la sm² 1.0 au chini yake. Valvu yenye afya ina tundu la sm² 3 hadi 4. Ubanaji wa kati ni mwendokasi wa 3.0 hadi 3.9, na mdogo ni chini ya 3.0. Huyu eneo linasema ndiyo, kasi na shinikizo vinasema hapana.

Rudi kwenye kipenyo. Kama kipimo sahihi kilikuwa sm 2.2, tundu ni sm² 1.11. Milimita 2 tu zimebadilisha jibu. Sasa acha kipenyo kabisa na ugawanye umbali kwa umbali: 22 kwa 75 ni 0.29. Uwiano ulio chini ya 0.25 huashiria ubanaji mkubwa. Wake uko juu kidogo. Halafu gawanya tundu kwa eneo la mwili: 0.92 kwa 1.5 ni 0.61, na kikomo cha ubanaji mkubwa ni chini ya 0.6. Damu anayosukuma ni mililita 46 kwa kila mita mraba, yaani mtiririko wa kutosha, kwa kuwa mtiririko mdogo ni chini ya 35. Picha inayojitokeza ni ya mwanamke mwenye mwili mdogo ambaye valvu yake imebana kwa kiwango cha kati kinachokaribia kikubwa. Anahitaji kufuatiliwa kwa karibu, na kama ana dalili, kuchunguzwa zaidi.

Hatua ya 7: Namba zikigombana

Ugomvi wa namba ni wa kawaida, na usiumalize kwa kuchagua namba unayoipenda. Kwanza tafuta kosa la kupima: madirisha yote yalijaribiwa? Kipenyo kilirudiwa? Presha ilikuwaje? Kama eneo ni dogo, shinikizo ni dogo, na vipimo ni safi, tazama nguvu ya moyo.

Ikiwa ventrikali ya kushoto inasukuma chini ya asilimia 50 ya damu yake, huenda moyo umechoka kiasi cha kushindwa kuzalisha mkondo wa kasi hata kama valvu imebana vibaya. Hapo daktari bingwa huagiza kipimo cha dobutamini, dawa inayoongeza nguvu ya msukumo wa moyo, kwa dozi ndogo, isiyozidi mikrogramu 20 kwa kilo kwa dakika. Mwendokasi ukifika mita 4 huku tundu likibaki sm² 1.0 au chini, valvu ndiyo tatizo. Tundu likipanuka kupita 1.0, moyo ndio uliokuwa dhaifu.

Kuna wazee wengine, hasa wanawake wenye presha ya muda mrefu, ambao moyo wao unasukuma kwa asilimia nzuri lakini chumba ni kidogo na kuta ni nene, kwa hiyo damu inayotoka ni chache. Hao ndio wanaosahaulika zaidi. Kwao, picha ya sitiskani isiyohitaji dawa ya mshipani huhesabu chokaa kwenye valvu. Alama 2000 na zaidi kwa mwanamume, au 1200 na zaidi kwa mwanamke, huelekeza kwenye ubanaji mkubwa. Kuta zikiwa nene kupita kiasi na mchoro wa umeme wa moyo ukiwa hafifu, fikiria pia amiloidi (protini mbovu zinazojikusanya kwenye misuli ya moyo), ambayo kwa wazee hukaa pamoja na valvu iliyobana.

Kinyume chake hutokea pia. Upungufu mkubwa wa damu, homoni nyingi za tezi, au valvu ya aota inayovuja huongeza mtiririko na kupandisha mwendokasi. Ule uwiano wa umbali kwa umbali utakusaidia kutambua.

Mgonjwa mwenye dalili na valvu iliyobana sana asipandishwe kwenye mashine ya kukimbilia ili "kuhakikisha". Ni hatari.

Hatua ya 8: Moyo uliobaki

Pima unene wa kuta, asilimia ya msukumo, ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto, valvu ya mitrali na chokaa kwenye pete yake, shinikizo la mapafu kupitia uvujaji wa valvu ya trikuspidi iliyo upande wa kulia wa moyo, na upana wa aota inapopanda. Usiruke aota kwa mwenye valvu ya vipande viwili.

Hatua ya 9: Ripoti

Andika presha, aina ya mapigo ya moyo, mwendokasi wa juu kabisa, wastani wa tofauti ya shinikizo, eneo la tundu na kipenyo ulichotumia kulipata, uwiano, na damu kwa pigo kulingana na eneo la mwili. Kisha andika sentensi moja iliyo wazi kwa daktari aliyemtuma mgonjwa, kwa mfano: "Ubanaji mkubwa wa valvu ya aota, msukumo wa moyo ni mzuri, mgonjwa ana dalili, apelekwe kwa bingwa wa moyo." Neno "chokaa kiasi kwenye valvu" bila namba halimsaidii mtu.

Asiye na dalili hurudiwa kupimwa kila baada ya miaka 3 hadi 5 kama ubanaji ni mdogo, mwaka 1 hadi 2 kama ni wa kati, na miezi 6 hadi 12 kama ni mkubwa. Mwendokasi huongezeka kwa wastani wa takriban mita 0.3 kwa sekunde kila mwaka, na kwa wengine haraka zaidi, kwa hiyo mwambie yeye na wanaoishi naye wasingoje tarehe iwapo atazirai, atabanwa kifua au ataanza kushindwa mwendo aliouzoea.

Mwisho, andika dirisha lililokupa mwendokasi wa juu na jinsi mgonjwa alivyolala. Atakayempima safari ijayo ataanzia hapo hapo, na kama namba yake itakuwa ndogo kuliko yako, atajua kwamba inabidi aendelee kutafuta kabla hajaandika kwamba valvu imepata nafuu.